UZI: Ukaguzi wa diski unaoendelea chinichini: makosa ya watumiaji na namna ya kuyazuia

Mkaguzi_Diski (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu ndani.

Naweka uzi huu kwa ajili ya mafundi na wasimamizi wa kompyuta za ofisi, shule na maduka. Mashine nyingi zinaletwa zikiwa na mafaili yaliyoharibika, ukizipima unakuta diski ni nzima. Kilichoharibu ni mtu: kazima wakati haifai, au kaendesha amri ya kurekebisha diski huku diski hiyohiyo inatumika.

Zamani ukaguzi ulijionyesha wazi. Mashine inawaka, maandishi yanapita kwenye skrini, kila mtu anasubiri. Kuanzia Windows 8 na Server 2012, NTFS (mfumo wa faili wa Windows) inakaguliwa watu wakiwa kazini. Kwa Linux yenye ext4 (mfumo wake wa faili) juu ya LVM (inayoigawa diski katika volyumu), kazi hiyo inafanywa na e2scrub, iliyokuja na e2fsprogs 1.45 mwaka 2019. Hili ni jambo jema kabisa, seva haisimami. Ila mtumiaji haoni chochote, hivyo hajui kwamba kuna kitu hakitakiwi kuguswa.

Shikeni hili moja kabla ya yote: kukagua na kurekebisha ni kazi mbili tofauti. Kukagua kunawezekana diski ikiwa kazini. Kurekebisha kunataka diski iachiwe (isitumike na programu yoyote), ukiondoa vitu vichache ambavyo NTFS hujirekebishia yenyewe. Makosa karibu yote yanatoka pale mtu anapozichanganya.

Naanza na Windows.

Ukaguzi wa salama wakati watu wanafanya kazi ni huu:

`chkdsk D: /scan`

Huu hausimamishi mtu. Kinachoweza kurekebishwa palepale kinarekebishwa, kinachobaki kinaandikwa kwenye orodha ya ndani ya NTFS. Baadaye, ofisi ikifungwa, unaendesha:

`chkdsk D: /spotfix`

Hii inaenda moja kwa moja kwenye zile sehemu zilizoorodheshwa, kwa hiyo diski inaachiwa kwa muda mfupi tu, mara nyingi sekunde. Wanaotumia PowerShell wana `Repair-Volume -DriveLetter D -Scan` na `Repair-Volume -DriveLetter D -SpotFix`, kazi ni ileile.

Kabla hujagusa chochote, uliza hali kwanza:

`Get-Volume | Format-List DriveLetter,FileSystem,HealthStatus,OperationalStatus`

Ukiona "Scan Needed", endesha /scan. Ukiona "Spot Fix Needed", panga muda wa /spotfix. Ukiona "Full Repair Needed", hapo ndipo /f (marekebisho kamili, diski ikiwa imeachiwa) inahitajika, na inahitajika baada ya bakapu.

Kosa la kwanza kwa wingi: mtu anaendesha `chkdsk C:` tupu, bila kitu mbele, Windows ikiwa inafanya kazi. Hiyo ni kusoma tu, haigusi kitu, lakini diski inabadilika huku inasomwa, hivyo inaweza kutaja makosa ambayo hayapo. Mtu anashtuka, anakimbilia /f au /r. Usiamini makosa yaliyotajwa na chkdsk tupu kwenye diski inayotumika. Rudia kwa /scan ndipo uamue.

Kosa la pili ni /r. Watu wanaiandika kwa mazoea kama vile ni nyongeza ndogo. /r inafanya yote ya /f halafu inasoma kila sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia) ya diski. Diski ya 1 TB inayosoma kwa MB 100 kwa sekunde inahitaji karibu sekunde 10,000, yaani saa 2 na dakika 46, na hapo haijakutana na sekta mbovu hata moja. Ikikutana nazo inaweza kulala hapohapo. Mtumiaji anaona asilimia haisogei, anabonyeza kitufe cha umeme. Umeshapata tatizo ambalo hukuwa nalo.

---

Dada_wa_Seva

Asante mkuu, uzi umekuja wakati wake. Swali: nikiandika `chkdsk C: /f` inaniuliza jambo moja, nikiandika `chkdsk D: /f` inaniuliza jambo jingine. Wengi tunajibu Y tu kote kote. Tofauti yake ni nini hasa?

---

Mkaguzi_Diski

Dada_wa_Seva, swali zuri sana, maana hapo ndipo data inapotea.

Kwa C: haiwezi kuachiwa kwa sababu Windows yenyewe imekaa humo. Inakuuliza kama ipange ukaguzi kwenye uwashaji unaofuata. Ukijibu Y hakuna kinachotokea sasa hivi. Ukibadili mawazo, andika `chkntfs /x C:` na haitakagua.

Kwa D: inakuambia diski inatumika na programu nyingine, halafu inauliza kama iilazimishe kuachiwa, na inakutahadharisha kwa herufi kubwa kwamba kila faili lililofunguliwa kwenye diski hiyo litakatwa. Ukijibu Y hapo, mhasibu aliyefungua daftari lake kutoka D: kupitia mtandao anakatwa palepale. Programu ya mauzo inayoandika kwenye D: inabaki na rekodi nusu. `/x` inafanya hivyo hivyo bila hata kuuliza. Kwa hiyo kwenye D: jibu N, funga ushirikishaji wa mafolda, hakikisha hakuna faili lililofunguliwa (`openfiles` au dirisha la Computer Management, sehemu ya Shared Folders, Open Files), ndipo urudie.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: ukishapanga ukaguzi wa C:, chagua Restart, usichague Shut down. Kwenye Windows 10 na 11 zenye Fast Startup, Shut down haizimi kila kitu, inalaza kerneli (kiini cha mfumo) kwenye faili na kuiamsha asubuhi. Mtu anasema "nimezima na kuwasha mara mbili ukaguzi haujafanyika", anapanga tena kwa /r, na kadhalika. `shutdown /r /t 0` inamaliza ubishi.

Fast Startup hiyohiyo ndiyo inayoharibu mashine zenye Windows na Linux pamoja. Windows imelala, NTFS bado iko wazi kwa upande wake, wewe unaingia Linux na kuandika humo. Windows ikiamka inaandika kile ilichokumbuka. Zima Fast Startup kwenye mashine za namna hiyo: `powercfg /h off`.

---

Lango22

Naongezea upande wa Linux, kwa sababu huko onyo ni kali zaidi na watu bado wanalivuka.

Ukiendesha e2fsck (amri ya kukagua na kurekebisha ext4) kwenye ext4 ambayo imemauntiwa, yaani imeunganishwa na inatumika, inakuambia wazi kuwa utaharibu vibaya mfumo wa faili, na inauliza kama kweli unataka kuendelea. Jibu ni hapana, siku zote. Sababu: kerneli imeshika kwenye memori ramani ya bloku zipi zimejaa na zipi ziko wazi, pamoja na inodi (rekodi za kila faili) zinazotumika. e2fsck inaandika moja kwa moja kwenye diski bila kerneli kujua. Dakika chache baadaye kerneli inaandika toleo lake juu ya marekebisho. Ni sawa na makarani wawili wanaojaza leja moja, kila mmoja akinakili kutoka kwenye karatasi yake bila kuangalia ya mwenzake.

Hata `e2fsck -n`, ambayo haiandiki, ikiendeshwa kwenye diski iliyomauntiwa inatoa majibu yasiyotegemeka. Jonali (kumbukumbu ya mabadiliko yanayosubiri kuandikwa) haijachezwa na data inasogea.

Njia sahihi ya kukagua chinichini ni kupitia snapshoti ya LVM (picha ya volyumu ilivyokuwa wakati mmoja), na e2scrub inakufanyia:

`e2scrub /data`

Inachofanya kwa mpangilio: inatengeneza snapshoti ya 256 MB kwenye nafasi iliyo wazi ya volyumu grupu (fungu la diski ambalo volyumu zinakatwa humo), inacheza jonali ndani ya snapshoti, inaendesha e2fsck kamili juu ya snapshoti, halafu inaifuta. Ikiwa safi, inarekebisha tarehe ya ukaguzi kwenye volyumu halisi. Ikiwa na kasoro, inaweka alama ili uwashaji unaofuata ulazimishe fsck. Zaidi ya tarehe au alama hiyo, volyumu halisi haikuguswa.

Sasa makosa, na haya ni ya wasimamizi, wala si ya watumiaji wa kawaida:

Moja, `lvextend -l +100%FREE`. Diski imejaa, mtu anatafuta mtandaoni, anabandika amri hiyo. Nafasi yote ya volyumu grupu inakwisha. e2scrub_all, inayoita e2scrub kwa volyumu zote, inahitaji ile 256 MB. Ikikosa, inairuka volyumu hiyo kimya kimya. Hakuna kosa, hakuna ujumbe, hakuna ukaguzi tena. Angalia kwa `vgs`, safu ya VFree. Mimi napendekeza usiache chini ya 2 GB kwenye seva yoyote, kwa sababu nitakayoitaja hapa chini.

Mbili, snapshoti kujaa. 256 MB ni nafasi ya mabadiliko yanayotokea wakati ukaguzi unaendelea. Ukikagua wakati bakapu inaandikwa, zinajaa ndani ya sekunde chache, snapshoti inakufa, ukaguzi unaishia na makosa ya kusoma. Mtu asiyejua anasoma yale makosa na kusema diski imekufa. Kabla hujanunua diski mpya, fungua `journalctl` uone kama kuna ujumbe wa snapshoti kubatilika. Ongeza `snap_size_mb=1024` au zaidi ndani ya `/etc/e2scrub.conf`, na ukague saa ambayo hakuna kazi nzito. Ukiwa unaangalia: `lvs -o lv_name,origin,data_percent`.

Tatu, na hili ndilo baya kuliko yote kwa wanaotengeneza snapshoti kwa mkono. Mtu anaendesha e2fsck kwenye snapshoti, inarekebisha kasoro, anafurahi, kisha anaandika `lvconvert --merge` akidhani anahamishia marekebisho kwenye volyumu halisi. Merge inarudisha volyumu nzima kwenye hali ya snapshoti. Kila kilichoandikwa tangu snapshoti itengenezwe kinapotea. Kama ilikuwa asubuhi na sasa ni jioni, kazi ya siku nzima imeondoka. Snapshoti ya ukaguzi mwisho wake ni `lvremove`, basi.

Taimer (ratiba ya ukaguzi wa otomatiki): `systemctl list-timers e2scrub_all.timer`. Kwa kawaida ni kila Jumapili saa 9:10 usiku. Lakini kwa baadhi ya distro (matoleo ya Linux) lazima uondoe alama ya # kwenye mstari `periodic_e2scrub=1` ndani ya faili lile lile la usanidi, la sivyo taimer inaita, inakuta haijaruhusiwa, inaondoka. Wengi wana taimer inayoonekana hai na ukaguzi ambao haujawahi kufanyika. Hakikisha kwa `tune2fs -l /dev/vg0/data | grep -i checked`.

---

Bloku4096

Lango22 mkuu, na umeme ukikatika katikati ya e2scrub ile snapshoti inabaki? Nimeona jina linaloishia na `.e2scrub` kwenye `lsblk`, sijui kama nilifute.

---

Lango22

Inabaki, ndiyo. Kwanza hakikisha hakuna ukaguzi unaoendelea: `systemctl list-units 'e2scrub@*'`. Kama hakuna, usiifute kwa lvremove ya kukisia jina, tumia chombo chenyewe:

`e2scrub -r /dev/vg0/data`

Hiyo inaondoa snapshoti ya ukaguzi tu kisha inatoka. Tofauti ya `vg0/data` na `vg0/data.e2scrub` ni herufi chache, na mtu mwenye usingizi akikosea kwenye lvremove hakuna cha kumrudishia.

Usiiache pia ikae. Snapshoti iliyosahauliwa inapunguza kasi ya kuandika kwenye volyumu halisi hadi ijae.

---

Fundi_Kaunta

Mimi tatizo langu ni kuachia diski. `umount /data` inasema inatumika. Kuna jibu nimeliona mahali linasema tumia `umount -l` kisha fsck. Ni salama?

---

Lango22

Hapana, mkuu. `-l` inaondoa jina `/data` kwenye mti wa mafolda lakini mfumo wa faili unabaki hai mpaka programu ya mwisho ifunge faili lake. Kwa macho umeachia, ukweli hujaachia. e2fsck nzuri itagundua kifaa kinatumika na kukataa kuendelea, ndipo mtu anaanza kutafuta namna ya kulazimisha. Usilazimishe.

Tafuta anayeshikilia:

`fuser -vm /data`

Mara nyingi ni smbd (huduma ya kushirikisha mafaili mtandaoni), hifadhidata, au terminali ya mtu iliyosimama ndani ya folda hiyo. Simamisha huduma kwa jina lake (`systemctl stop smbd`, `systemctl stop mariadb`), usiue mchakato wa hifadhidata kwa `kill -9`.

Kama fuser haionyeshi mtu na bado umount inakataa, shuku kontena (programu inayoendeshwa katika mazingira yake yaliyotengwa). Docker inaweza kuwa na mauntio yake ya volyumu hiyohiyo:

`grep -l vg0-data /proc/[0-9]*/mountinfo`

Simamisha kontena husika. Ikishindikana kabisa, washa upya na uache fsck ifanyike kabla ya kumaunti: kwenye GRUB bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na `linux`, mwishoni ongeza `fsck.mode=force fsck.repair=yes`, kisha Ctrl+X. Hiyo ni kwa uwashaji huo mmoja tu. Na hii ndiyo njia ya volyumu ya mzizi, ambayo huwezi kuiachia mashine ikiwa kazini.

Angalia pia `/etc/fstab`, namba ya sita kwenye kila mstari. Iwe 1 kwa mzizi, 2 kwa ext4 nyingine. Ikiwa 0, hakuna ukaguzi wakati wa kuwasha hata alama ya kosa ikiwapo. Watu wanaweka 0 kwa sababu wamenakili mstari kutoka mahali.

---

Nishati_Ndogo

Wakuu mnazungumza kana kwamba umeme upo muda wote. Huku unakatika bila taarifa. Nini hatari zaidi, umeme kukatika wakati wa kukagua au wakati wa kurekebisha?

---

Mkaguzi_Diski

Wakati wa kurekebisha, kwa mbali sana.

Kukagua kwa /scan au kwa snapshoti ukikatika unaanza upya, data haijaguswa na mkaguzi. Kurekebisha (`chkdsk /f`, `e2fsck -y`) kunahamisha viungo vya mafolda, kunafuta inodi, kunaandika upya ramani za bloku. Ukikatika katikati unabaki na kazi iliyofanyika nusu.

Kwa hiyo mimi naweka sharti: marekebisho hayaanzi bila UPS ambayo betri yake imepimwa kwa mzigo halisi, na bila nakala ya data. Laptopu iwe kwenye chaja na betri ya kutosha, yote mawili. Kwa eneo lenye jenereta, washa jenereta kwanza ndipo uanze.

---

Lango22

Kwenye ext4 kuna kinga ambayo watu hawaitumii:

`e2fsck -z /mnt/nje/data.e2undo -f /dev/vg0/data`

Kabla ya kuandika juu ya bloku, inahifadhi bloku ya zamani kwenye faili hilo. Ukigundua marekebisho yameondoa mafolda yasiyotakiwa kuondoka, unarudisha kwa `e2undo /mnt/nje/data.e2undo /dev/vg0/data`. Faili hilo liwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye hiyo unayoirekebisha.

Ila msikilize vizuri, hasa Nishati_Ndogo: faili hilo halikuokoi na umeme kukatika. Mwongozo wa e2fsck wenyewe unasema hivyo. Ni kinga dhidi ya uamuzi mbaya, UPS inabaki palepale.

---

Kibodi_Moja

Kwa upande wangu ofisi zote ninazosimamia nazima ukaguzi wa kuwasha. `chkntfs /x C:` na maisha yanaendelea. Watumiaji hawasubiri, hawazimi kwa hasira, hakuna lawama.

---

Mkaguzi_Diski

Kibodi_Moja, naelewa unachokikwepa, lakini hapo umefunika kasoro tu. Alama ya uchafu (inayosema mfumo wa faili una hitilafu) inabaki kwenye diski (`fsutil dirty query C:` itakuonyesha) na Windows inaendelea kuandika juu ya mfumo wa faili wenye hitilafu. Kila siku inayopita marekebisho yanakuwa makubwa na yanagharimu mafaili zaidi.

Halafu `/x` haijumlishi. Ukiandika `chkntfs /x C:` leo na `chkntfs /x D:` kesho, ya kesho inafuta ya leo. Nyingi ya mashine zako zina diski moja tu iliyozuiwa na hujui ni ipi. Rudisha hali ya kawaida: `chkntfs /d`.

Kama shida yako ni watumiaji kuzima kwa hasira, zuia kuzima, usizuie ukaguzi:

Akaunti za watumiaji ziwe za kawaida, si za Administrator. chkdsk inakataa kwao, nusu ya tatizo imeisha.

Kitufe cha umeme kisifanye kitu Windows ikiwa imewaka:

`powercfg /setacvalueindex SCHEME_CURRENT SUB_BUTTONS PBUTTONACTION 0`
`powercfg /setactive SCHEME_CURRENT`

Zuia usingizi mashine ikiwa kwenye umeme: `powercfg /change standby-timeout-ac 0`.

Na usiuondoe ukaguzi wa otomatiki. Kwenye Task Scheduler, Microsoft, Windows, Chkdsk, kuna kazi inaitwa ProactiveScan. Inaendeshwa na matengenezo ya kila siku, ambayo kwa kawaida yamepangwa saa 8 usiku. Mashine za ofisi zimezimwa saa hiyo! Sogeza muda wa matengenezo uwe saa ya chakula cha mchana, mashine ikiwa imewaka na haina mtu.

---

Kibodi_Moja

Nimekuelewa kuhusu `/x` kutojumlisha, hilo sikulijua. Lakini kitufe cha umeme akikishikilia kwa muda mrefu bado mashine inazima.

---

Lango22

Kweli, ukikishikilia kama sekunde 4 hivi au zaidi ni ubao mama unaokata, programu yoyote haiwezi kuzuia. Hapo ni kumweleza mtu na kubandika karatasi.

Linux ina kitu kizuri kwa kuzima kwa kawaida:

`systemd-inhibit --what=shutdown:sleep --who="Ukaguzi" --why="Diski ya data inakaguliwa" e2scrub /data`

Mtumiaji wa kawaida akibonyeza Zima kwenye desktopu anaambiwa kuna kazi inaendelea na sababu yake. root anaweza kulivuka, ndiyo maana root haipewi kila mtu. Ndani ya `/etc/systemd/logind.conf` weka `HandlePowerKey=ignore` na `HandleLidSwitch=ignore` kwenye mashine inayotumika kama seva.

---

Sekta_Mbovu

Niongeze jambo ambalo naona limepitwa. Kabla ya /r au e2fsck yoyote, pima diski yenyewe. `smartctl -a /dev/sda`, angalia mistari mitatu tu kwa kuanzia:

5, Reallocated_Sector_Ct: sekta zilizobadilishwa.
197, Current_Pending_Sector: sekta zisizosomeka zinazosubiri.
199, UDMA_CRC_Error_Count: hii ikipanda peke yake, badilisha kebo ya SATA kabla hujailaumu diski.

Kama 197 si sifuri na inapanda, usiendeshe /r. Diski inayokufa haihitaji kusomwa yote mara mbili mbili. Inakili kwanza kwenye diski nzima yenye ukubwa sawa au zaidi:

`ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.map`
`ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdc ramani.map`

Ya kwanza inachukua vinavyosomeka kwa urahisi, ya pili inarudi kwenye sehemu ngumu mara 3. Hakikisha kwa `lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL` ipi ni chanzo na ipi ni lengo. Soma namba ya utambulisho (serial) iliyoandikwa kwenye stika ya diski, usitegemee sdb na sdc kwani zinabadilika ukichomoa na kuchomeka. Marekebisho yote ya fsck au chkdsk yafanyike kwenye nakala.

---

Bloku4096

Hapo hapo, kwenye RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ya mdadm: Jumapili ya kwanza ya mwezi seva inakuwa nzito, `/proc/mdstat` inaonyesha asilimia zinapanda. Je, diski imekufa?

---

Sekta_Mbovu

Soma neno lenyewe kwenye mdstat. Likiwa `check`, ni ukaguzi wa kila mwezi uliowekwa na distro, kwa mfano Debian umezoeleka kuanza usiku wa manane Jumapili ya kwanza. Likiwa `recovery`, hapo kuna diski inajengwa upya. Angalia pia mabano: `[UU]` ni diski zote mbili zipo, `[U_]` moja haipo.

Kosa linaloua data: mtu anaona asilimia, anadhani diski imeharibika, anaichomoa katikati ya check. RAID1, yenye diski mbili zenye data ileile, inabaki na mguu mmoja. Kama seva imezidiwa, punguza kasi usichomoe: `echo 20000 > /proc/sys/dev/raid/speed_limit_max` (ni KB kwa sekunde). Au simamisha kwa `echo idle > /sys/block/md0/md/sync_action`.

---

Dada_wa_Seva

Na wanaotumia XFS au btrfs, mifumo mingine ya faili ya Linux? Amri hizi za e2fsck haziwahusu.

---

Lango22

Kwa kifupi. XFS: `fsck.xfs` haifanyi kitu na inarudisha sifuri, kwa hiyo usiseme "fsck imepita, diski ni safi". Kukagua ni `xfs_repair -n` ikiwa imeachiwa. Ikikuambia logi ina mabadiliko, maunti kisha uachie ili logi ichezwe. `-L` inaitupa logi pamoja na mabadiliko yaliyokuwemo, ni hatua ya mwisho kabisa. btrfs: `btrfs scrub start /data` ni salama ikiwa imemauntiwa, inalinganisha cheksamu (namba za kuthibitisha data haijabadilika); kwenye diski moja yenye nakala moja ya data itagundua kuoza lakini haina pa kuchukua nakala nzima. `btrfs check --repair` usiiguse bila ushauri wa anayeijua kodi yake.

---

Fundi_Kaunta

Baada ya kurekebisha nimekuta folda `lost+found` ina mafaili yenye majina ya namba, na kwenye Windows kuna `found.000`. Mteja anataka nafasi, nifute?

---

Mkaguzi_Diski

Usifute mpaka mwenye data athibitishe hakuna kinachokosekana. Hayo ni mafaili yake yaliyopoteza jina. Kwenye Linux endesha `file lost+found/*`, itakutajia ipi ni PDF, ipi ni picha, ipi ni jedwali. Za Windows ni `FILE0000.CHK` na kuendelea, zimefichwa, onyesha mafaili yaliyofichwa kwanza. Nakili folda nzima kwenye diski ya nje, badilisha viendelezi kwenye nakala, mpe mteja afungue mwenyewe.

Na kwa vile karatasi imetajwa, haya ndiyo maneno ninayobandika kwenye mashine. Mafupi, yanataja saa, yanataja la kufanya:

*UKAGUZI WA DISKI: leo saa 11 jioni hadi saa 2 usiku.*
*Funga mafaili yako yote kabla ya saa 11.*
*Usizime. Usichomoe waya wala flashi. Asilimia zikisimama, ziache.*
*Umeme ukikatika usiwashe, mwite msimamizi.*

---

Nishati_Ndogo

Mstari wa mwisho ongeza namba ya simu ya ndani ya msimamizi, na kwenye BIOS zima ile ya kuwaka yenyewe umeme ukirudi, la sivyo mashine inaamka kabla hata msimamizi hajafika.

---

Mkaguzi_Diski

Sahihi. Mara nyingi iko chini ya jina "Restore on AC Power Loss", iweke Power Off kwa siku ya marekebisho tu. Kwa seva iliyo mbali isiyo na mtu, irudishe Power On ukimaliza, na uiandike kwenye daftari la kazi ili zamu inayofuata iione.